Kushoto Geuka Mara Mbili

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha watoto wa watu kwamba namba hasi haina kipeuo cha pili. Mchana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Uru. Jioni, kibarazani kwangu, niliwasaidia vijana wa sekondari waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Mimi mwenyewe niliishia kidato hicho kabla ya kwenda chuo cha ualimu, lakini hesabu zake nilizijua kama ninavyoijua njia ya kwenda kanisani. Tukifika kwenye mlinganyo ambao ndani ya alama ya kipeuo inatokea hasi, niliweka chaki chini, nikapangusa mikono, nikasema, "Hapo hakuna jibu. Andikeni: hakuna jibu. Twende mbele."

Wakaandika. Na mimi, kwa yote niliyojua, nilikuwa sahihi. Kosa langu halikuwa kutojua. Lilikuja baadaye, nilipoambiwa.

Aliyeniambia ni binti yangu, kitinda mimba wetu. Alikua akisikiliza masomo yale ya jioni. Tangu darasa la tatu alikuwa akikaa kwenye mkeka pembeni, eti anachambua maharage, kumbe masikio yako ubaoni. Siku moja kijana mmoja mwenye ndevu alikwama kwenye hesabu, na kutoka kwenye mkeka ikasikika sauti nyembamba: "Umesahau kubadilisha alama." Kijana alitazama chini kwa aibu. Mimi niligeukia ubao ili wasione ninavyotabasamu. Sikuwahi kumwambia jinsi nilivyofurahi siku ile. Baba zetu hawakutusifu mbele ya watu, nasi tukalichukua hilo kuwa malezi.

Alifaulu, akaenda shule ya bweni kusoma kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa hesabu. Krismasi ya kidato cha sita alirudi nyumbani kama wanavyorudi watu wote wa mlimani. Anayejua Uchaggani anajua Desemba ilivyo. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa, magari yenye vumbi la Dar yanajaa njiani, na kila kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kina mbuzi anayechomwa. Kwangu walikuwa wamejaa: ndugu, majirani, na watu wazima watatu wanne niliowahi kuwafundisha. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva vizuri. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu katikati yao, na nakiri kwamba nilikuwa nikijisikia mtu mkubwa.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, alianza kwa utani.

"Mwalimu, huyu binti yako ananiambia siku hizi hasi ina kipeuo cha pili. Au ni sisi tumezeeka?"

"Anakutania," nilisema.

"Simtanii, baba," binti yangu alisema. Alikuwa akipitisha sahani za ndizi. "Tumefundishwa muhula uliopita. Zinaitwa namba za kufikirika."

Shemeji yangu aliyetoka Dar alicheka mpaka akamwaga kinywaji. "Za kufikirika? Basi hata mimi nina gari la pili la kufikirika, nimeliegesha hapo nje. Msiligonge."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikataka kuumaliza mchezo kama nilivyozoea kuumaliza darasani.

"Nitajie namba moja. Moja tu. Uizidishe kwa yenyewe upate hasi moja."

"i," alisema.

"Hiyo ni herufi."

"Ni jina la namba, baba. Hata pai ni herufi, ya Kigiriki, na umeitumia miaka yote."

Kicheko safari hii kiliniangukia mimi. Jirani alipiga paja lake. "Mwalimu, hapo umeshikwa." Na mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, mtu mwenye kitambi na heshima zake, akasema kwa mzaha, "Kumbe mwalimu alitudanganya. Na mimi niliandika 'hakuna jibu' kwa wino."

"Hakuwadanganya," binti yangu alisema taratibu. Alikuwa akinitetea. Leo nalijua hilo, na nadhani hata siku ile nililijua. "Hakujua tu."

Nilimtazama. Nilisema, bila kupaza sauti, "Aliyekufundisha hayo ndiye baba yako. Mfuate."

Mke wangu aliiweka chini kata ya mbege aliyokuwa akimpelekea shemeji yangu, akaingia ndani. Kulipokucha binti alikuja na begi lake mlangoni. "Shikamoo baba," alisema. Nilikuwa nikifunga kamba za viatu. Niliendelea kufunga kamba za viatu. Alisubiri marahaba kwa muda ambao ungetosha kuhesabu hadi ishirini, kisha akashuka mjini, kwa dada yangu mkubwa anayekaa mtaa wa Soweto. Kuanzia siku hiyo likizo zake alizimalizia huko.

Pasaka ilipokaribia, dada alipanda kuja kwangu na isale.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Isale ni mmea wenye majani marefu ambao tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa na mtu wa heshima, ni ombi la msamaha, na ombi hilo halikataliwi. Wazee wetu walisameheana hata damu kwa jani lile. Unaweza kunung'unika, unaweza kutaja yote uliyotendewa, lakini mwisho unanyoosha mkono unalipokea. Nilikulia humo. Hakuna anayeweza kunitetea kwa kusema sikujua.

"Nimetumwa, mdogo wangu," dada alisema, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Nililichukua, nikaligeuza, nikalitazama lile fundo. Lilikuwa limefungwa vizuri, na ncha zimelingana. Nilijua vidole vilivyolifunga.

"Mwambie aniletee kipeuo cha pili cha hasi moja," nilisema. "Nikishike mkononi kama ninavyoshika jani hili. Siku hiyo nitamsamehe."

"Unafanya mzaha na isale?"

"Sifanyi mzaha. Na hili rudi nalo."

"Isale hairudi."

"Hili litarudi."

Nililiweka ndani ya kikapu chake, juu ya mkungu mdogo wa ndizi ambao mke wangu alikuwa amemfungia. Dada alikitazama kikapu kana kwamba nimetumbukiza nyoka. Alizitoa ndizi zote, akaziacha chini, akashuka na kikapu chenye jani peke yake.

Maneno yale yalinifurahisha. Lazima niandike hilo pia. Niliyaona ya akili, na jioni nilimsimulia jirani yangu nikitegemea acheke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi naona niende nikafunge mbuzi," akaondoka.

Mwezi Juni, baada ya mitihani ya binti yetu, mke wangu alitoka Soweto na daftari. Alikuwa akishuka kumwona binti yake kila alipoweza, na mimi nikijifanya namwamini kwamba anakwenda sokoni. Aliliweka mezani mbele yangu. "Umeomba kitu, umeletewa," alisema. Juu ya jalada, kwa mwandiko niliouanzisha mimi mwenyewe nikiushika mkono wake mdogo, palikuwa pameandikwa: Kwa Baba. Kipeuo cha Hasi Moja.

Sikulifungua. Nililiweka juu ya kabati, chini ya sanduku la vyeti vyangu. Nilijiambia nitalisoma nikipata nafasi, na mtu aliyestaafu hakosi nafasi. Nilichokuwa nikiogopa ni kulielewa.

Miaka ikapita. Alisoma chuo, akawa mwalimu wa hesabu, akapangiwa shule mbali, mkoani Tabora. Tulionana misibani. Alinisalimia, nami wakati huo nilikuwa nimeanza kuitikia, lakini ilikuwa marahaba ya kumpa mpita njia. Alipokuja kumzika mama yake tulisimama kaburini hatua chache tu mmoja na mwenzake, na nilifikiri: leo. Nikafikiri tena: watu ni wengi mno, acha watawanyike. Walipotawanyika alikuwa ameshaondoka nao.

Mwaka huu aliugua wiki mbili akiwa kazini kwake, nasi tukapigiwa simu siku ambayo ugonjwa ulikuwa umeshamchukua. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo aliletwa nyumbani, kihambani kwangu, akalazwa kando ya mama yake. Walimu wenzake walisimulia jinsi alivyokuwa akifundisha. Mmoja alisema wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwahi kumcheka aliyekosea. Nilikaa mstari wa mbele na kofia yangu magotini.

Siku ya tatu ya matanga dada alikuja kukaa karibu nami. Amezeeka, macho yake yana ukungu. Aliniuliza neno moja tu.

"Ulilifungua lile daftari?"

Niliinuka nikaenda kuwaaga waliokuwa wakiondoka.

Nililishusha watu walipokwisha kuondoka. Panya walikuwa wametafuna kona moja. Nilikaa kibarazani asubuhi, nikafuta miwani, nikasoma.

"Shikamoo baba," yalianza maandishi. "Umesema nikuletee kipeuo cha pili cha hasi moja ukishike mkononi. Mkononi sitaweza. Lakini naweza kukuonyesha kilipo, na si mbali, ni hapo getini kwetu.

"Simama getini, uso uelekee mlimani. Kila hatua ya kupanda ni chanya. Kila hatua ya kushuka kwenda mjini ni hasi. Huo ndio mstari wa namba uliotuchorea ubaoni. Kuzidisha kwa hasi moja ni kufanya nyuma geuka: uliyekuwa unapanda hatua tano, sasa unashuka tano. Nyuma geuka ya pili inakurudisha ulivyokuwa. Ndiyo maana hasi kwa hasi ni chanya, ule wimbo wako.

"Sasa tafuta amri moja ambayo ukiitoa mara mbili inakuwa sawa na nyuma geuka moja. Barabarani hutaipata, kwa sababu barabara inajua kupanda na kushuka tu. Usifungue ukurasa unaofuata mpaka umefikiri. Kumbuka paredi."

Sikuhitaji kufungua. Shuleni kwangu mimi ndiye niliyesimamia paredi ya asubuhi. Binti yangu alisimama kwenye mstari wa darasa lake miaka saba, soksi zimepanda magotini, akifuata sauti yangu. Kushoto, geuka. Kushoto, geuka. Na watoto mia mbili waliokuwa wakitazama mlima walijikuta wameupa mgongo. Niliifanya hesabu ile kila asubuhi ya kazi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na Krismasi ile nikamwambia mtoto wangu haipo.

Ukurasa uliofuata alikuwa amechora geti letu na barabara, na upande wa kushoto mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu, unaokata ubavu wa mlima kuleta maji ya mto kwenye migomba. "Ukigeuka kushoto mara moja," aliandika, "hupandi wala hushuki. Unatazama mfongo. Hatua moja kuufuata mfongo ndiyo i. Hatua tatu ni 3i, na hicho ndicho kipeuo cha pili cha hasi tisa: tatu kwa tatu ni tisa, na kushoto geuka mbili ni nyuma geuka, basi hasi tisa. Jina la kufikirika lisikusumbue, baba. Walioziita hivyo mwanzoni walikuwa wakizidharau. Mfongo hauko barabarani, lakini ndio ulionywesha ndizi tulizokula."

Nilisoma kurasa mbili, tatu kwa siku. Aliweka maswali ya mazoezi kila baada ya somo, na majibu kurasa za nyuma, kama vitabu vya shule. Nilichukua kalamu nikayafanya yote. Sikuwa nimefanya swali la mtu mwingine tangu ujana wangu. Mengine niliyapata. Nikipata, niliweka alama ya vyema pembeni kwa wino mwekundu, kisha nikakumbuka kwamba si mimi niliyestahili kuziweka.

Somo la nne lilikuwa na swali hili: kipeuo cha pili cha hasi nne, zidisha kwa kipeuo cha pili cha hasi tisa. Nililiona jepesi. Hasi nne mara hasi tisa, hasi kwa hasi ni chanya, thelathini na sita. Kipeuo chake sita. Niliandika sita, nikapiga mstari chini, nikafungua nyuma.

Nyuma palikuwa pameandikwa: "Najua umeandika sita."

Niliweka daftari chini. Nilitembea mpaka kwenye banda la ng'ombe nikarudi.

"Usione aibu," aliendelea. "Ulizidisha kwanza kwa sababu una haraka ya kuzifanya hasi mbili zipatane. Hizi hazipatani hivyo. Kitoe kwanza kila kimoja nje ya alama, kione kilivyo: 2i na 3i. Ndipo uzidishe. Sita mara i mara i. Jibu ni hasi sita. Hata mimi nilikosea hapa mara ya kwanza, na mwalimu alinizungushia duara. Nilifurahi, nikasema hili kosa nimelirithi kwa baba."

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoandika maneno hayo. Alikuwa amerudishiwa isale yake ndani ya kikapu, akakaa Soweto kwenye meza ya shangazi yake, akafikiri nitakosea wapi, akaniwekea neno la kunipokea mahali pale pale. Daftari lile lilikuwa limenisubiri juu ya kabati, chini ya vyeti vyangu, siku zote alizokuwa hai.

Swali la mwisho halikuwa na jibu nyuma. Alitaka nitafute x: x mara x, toa 4x, ongeza 13, sawa na sifuri. Chini yake aliandika: "Hili ni lile la aina ambayo ulikuwa unasema hakuna jibu. Ukilipata, usimpe mama alilete. Njoo mwenyewe Soweto. Nipo mpaka chuo kifunguliwe."

Nililipata. Yako majibu mawili: mbili ongeza 3i, na mbili toa 3i. Niliyanakili kwenye karatasi safi, nikaenda mpakani, nikakata isale, si jani tu bali shina na kichwa chake, nikashuka Soweto.

Dada alikuwa uani akianua nguo. Nilimwamkia, nikamnyooshea vyote viwili kwa mikono miwili.

"Nini hiki?"

"Isale. Nakutuma kwa binti yangu."

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Tangu lini mzazi akampelekea mtoto isale?"

"Tangu leo."

"Na karatasi?"

"Jibu. Alisema nilete hapa."

Aliipapasa karatasi kwa dole gumba, kwa kuwa hawezi tena kusoma. "Likizo ile yote alikuwa akiniuliza kila jioni, shangazi, baba hajaja? Nikamwambia, barabara ya Uru imeharibika, mvua. Mvua gani ya Agosti? Alikuwa anajua hesabu, angeshindwa kujua miezi?" Alinirudishia vyote. "Mimi nilishapeleka isale yenu mara moja, mdogo wangu. Hii peleka mwenyewe."

Hakunifukuza. Alinipa chai, tukanywa tukitazama nguo zilizobaki kwenye kamba. Kisha nikapanda kurudi nyumbani.

Aliniandikia katika somo la mwisho kwamba majibu ya namna ile hutembea mawili mawili. Moja likiwa kushoto kwa barabara, mwenzake yuko kulia, umbali ule ule. Ukichukua moja peke yake, umebaki nje ya barabara. Ukiyazidisha pamoja, yanarudi, yanakuwa kumi na tatu, namba ya kawaida ambayo hata mimi ningeiandika ubaoni bila wasiwasi.

Nilifika getini jua likiwa bado juu. Nilisimama uso mlimani. Nilipanda hatua mbili. Kushoto, geuka, nilisema, polepole, na nikaenda hatua tatu kuufuata ukingo wa mfongo. Siku hizi una majani makavu na mifuko ya plastiki, maji hayafiki tena huku chini. Hiyo ilikuwa mbili ongeza 3i. Niligeuka nikatazama ng'ambo ya barabara, mahali penye mbili toa 3i, chini ya mbuni mkuukuu wa kahawa. Hapakuwa na mtu.

Jirani yangu alipita na mkongojo wake. "Mwalimu, umeangusha kitu?"

"Ndiyo," nilisema.

Alitazama chini pamoja nami kidogo, asione kitu, akaendelea na safari yake.

Nilivuka nikaichomeka isale pale. Kaburini ipo nyingine tayari, tuliipanda siku ya mazishi, na ile ilishika bila shida kwa sababu isale hushika hata kwenye kokoto. Hii ina wiki ya tatu sasa. Namwagilia maji asubuhi kwa birika la zamani la mama yake. Haijatoa jani jipya, na yaliyopo hayajakauka.